KUVIKA UPYA VITI VYA MOTOKAA YA ZAMANI



Wako wanafunzi wasemao kwamba kazi ya mikono ni ya wale walioshindwa mtihani. Mimi sikubaliani nao, na katika kurasa hizi nataka kuwapa somo moja ambalo ndani yake mna hesabu, mna fizikia na kemia kidogo, tena mna uvumilivu ambao haufundishwi kwa chaki. Somo lenyewe ni namna ya kuvika upya viti vya motokaa ya spoti ya zamani, kazi iwezayo kufanywa nyumbani, barazani au chini ya mwembe, bila karakana kubwa.

Kabla sijaanza, yafaa mshike neno moja ambalo ndilo mzizi wa somo lote: kava ni la mwisho. Mtu atazamaye kiti kibovu huona ngozi iliyopasuka, naye hudhani kwamba ugonjwa wote ni ile ngozi. Sivyo. Kiti huoza kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo hutengenezwa kutoka ndani kuja nje. Mwenye kutia ngozi mpya juu ya chuma kilicholiwa na kutu amefanya jambo baya kuliko aliyeacha kiti kama kilivyokuwa, maana wa pili huona hatari yake na wa kwanza ameifunika. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

MOTOKAA YENYEWE

Nimechagua motokaa moja ili somo lisielee hewani. Nayo ni MGB ya Uingereza. Herufi M na G zatokana na jina Morris Garages, biashara ya motokaa iliyokuwa katika mji wa Oxford. Mwaka 1929 utengenezaji wa motokaa za MG ulihamishiwa Abingdon, mji mdogo ulio karibu na Oxford, katika sehemu ya majengo ya kiwanda cha ngozi kilichoitwa Pavlova. Hivyo motokaa ambazo leo twasumbukia ngozi za viti vyake ziliundwa mahali ambapo zamani watu walikuwa wakitengeneza ngozi.

MGB ilitolewa mwaka 1962, ikaendelea kuundwa mpaka mwaka 1980, ambapo kiwanda cha Abingdon kilifungwa. Ziliundwa zaidi ya 500,000, na nyingi zilipelekwa Marekani. Ni motokaa fupi ya milango miwili, yenye injini ya lita 1.8. Ile iliyo wazi ina paa la turubai ambalo hukunjwa nyuma, na paa hilo ndilo adui mkubwa wa viti vyake. Mvua ikija ghafula kabla paa halijafungwa, maji hupenya katika mishono na kukaa ndani ya sponji siku nyingi. Jua likiwaka, miali yake huikausha ngozi na kuifanya iwe ngumu. Kisha dereva naye, kila aingiapo na kila atokapo, huburura mwili wake juu ya ukingo mmoja ule ule wa kiti. Kwa hiyo kiti cha dereva huharibika mapema kuliko cha abiria.

Viti vya MGB havikuwa vya namna moja miaka yote. Vile vya mwanzo vilikuwa na ngozi halisi mahali mtu anapokalia na kuegemea, na pembeni na nyuma vilikuwa na reksini, yaani ngozi ya kuigiza. Baadaye viti vikawa vya reksini. Katika miaka ya mwisho, karibu na mwaka 1977, motokaa zilizouzwa Uingereza zilipata kitambaa chenye milia ya rangi. Basi mwenye kutengeneza hana budi kwanza aujue mwaka wa motokaa yake ndipo achague kitu cha kushonea. Kiti cha 1963 kikivikwa milia ya 1977 ni kama babu aliyevikwa sare ya shule.

Msomaji aweza kuuliza: Je, haiwezekani kununua makava yaliyoshonwa tayari? Yawezekana. Hata leo ziko kampuni za Uingereza ziuzazo makava na sponji za MGB. Lakini bei yake na gharama za kuyasafirisha si ndogo, na hata mwenye kuyanunua lazima aifanye kazi ya ndani ambayo nitaieleza. Hakuna kava linalokuja na kiunzi kizima.

VYOMBO VYA KAZI

Kusanya vyombo hivi kabla hujaanza: spana za inchi, bisibisi, koleo, brashi ya waya, msasa, wembe au kisu chembamba cha kufumulia, mkasi mkali, utepe wa kupimia, chaki, karatasi ngumu, msharasi kama wa fundi wa viatu, gundi ya mpira, kisu kirefu chenye meno kama kile cha kukatia mkate, na cherehani. Ongeza mikebe midogo ya kuwekea bolti, na daftari.

Nasema spana za inchi kwa sababu bolti za motokaa hii zilipimwa kwa inchi, si kwa milimita. Spana ya milimita 13 huonekana kana kwamba yafaa bolti ya nusu inchi. Lakini nusu inchi ni milimita 12.7. Ile tofauti ndogo ya milimita 0.3 yatosha kuvunja pembe za bolti iliyoshikwa na kutu, na bolti isiyo na pembe ni mateso ya siku nzima.

HATUA YA KWANZA: KUTOA KITI

Kiti kimesimama juu ya reli mbili za chuma ambazo hukiwezesha kwenda mbele na nyuma. Reli hizo zimefungwa sakafuni kwa bolti. Sukuma kiti mbele kabisa, ufungue bolti za nyuma. Kisha kirudishe nyuma kabisa, ufungue bolti za mbele. Kama kutu imezishika, tia mafuta mepesi jioni uziache mpaka asubuhi. Angalia kila washa na kila kibao kilichowekwa chini ya reli, ukiandike katika daftari: kimetoka wapi, na upande gani. Usiamini kwamba utakumbuka.

Hapa nina shauri ambalo limewasaidia wengi: fanya kiti kimoja kwanza, na cha pili ukiache kama kilivyo mpaka cha kwanza kiishe. Kile kisichoguswa kitakuwa shahidi wako. Ukisahau jinsi mshono ulivyopinda au klipu ilivyokaa, utakwenda kukitazama. Ukivua viti vyote viwili siku moja, umewafukuza mashahidi wote.

HATUA YA PILI: KUVUA KAVA LA ZAMANI

Pindua kiti. Utaona kwamba kingo za kava zimezungushwa kwenye kiunzi na kushikwa kwa klipu za chuma, na mahali pengine kwa gundi. Ng'oa klipu moja moja kwa bisibisi, ukizitia mkebeni. Kava la egemeo limeshonwa kama mfuko. Likiisha kufunguliwa chini, huvuliwa kwa kulivuta juu polepole, kama mtu avuavyo soksi iliyolowa. Lile la mto wa kukalia hutoka kwa urahisi zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kava la zamani, hata likiwa limepasuka na kunuka, si takataka. Ndilo mwalimu wako. Ndani yake yamo maumbo yote, vipimo vyote na mpango wote wa mishono uliofikiriwa na mafundi wa Abingdon. Ukilitupa, utabaki kubahatisha. Basi, kabla ya kulifumua, andika kwa kalamu nyuma ya kila kipande: namba yake, upande wa kulia au wa kushoto, na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Kisha chora mistari midogo inayovuka kila mshono, moja kila sentimita 10 hivi, ikigusa vipande vyote viwili. Mistari hiyo itakuambia baadaye ni nukta ipi ya kipande hiki hukutana na nukta ipi ya kile. Ndipo ufumue kwa wembe, ukikata uzi tu.

Kama kava la dereva limekwisha kabisa, tumia la abiria kuwa kiolezo. Lakini kumbuka kwamba viti viwili hivi ni kama mikono miwili: hufanana, lakini cha kulia si cha kushoto. Sharti ugeuze kiolezo kabla ya kukata.

HATUA YA TATU: KIUNZI NA MPIRA

Hii ndiyo hatua ambayo wavivu huiruka, nayo ndiyo iliyo na uhai wa mtu ndani yake.

Kiunzi ni cha bomba na bati za chuma. Kisugue chote kwa brashi ya waya mpaka uone chuma chenyewe, hasa mahali palipounganishwa kwa kulehemu, na mahali ambapo egemeo hukutana na mto. Gonga kwa bisibisi. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hunyamaza, au hutoboka. Ukiona ufa, usiufiche kwa rangi. Mpelekee fundi wa kulehemu mwenye ujuzi, aunganishe barabara. Fikirini: dereva ashikaye breki kwa nguvu husukuma egemeo kwa mgongo wake. Egemeo likivunjika saa ile, mwili huanguka nyuma, mguu huacha breki, na mikono huvuta usukani. Ajali ya namna hiyo haizuiwi na uzuri wa ngozi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili huenda usipate nafasi ya kujenga ukuta.

Chuma kikiisha kuwa safi na kizima, kipake rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, ukiache kikauke kabisa.

Juu ya kiunzi ndipo ukaapo mpira unaobeba mto. Katika viti vingine ni mikanda ya mpira. Katika vingine ni shuka moja la mpira mnene, lililovutwa pande zote kwa kulabu ndogo za waya. Mpira ukizeeka hupoteza mvuto, ukapasuka kwenye matundu ya kulabu. Hapo fizikia yetu yatufaa. Tuseme mtu ana kilo 70. Uzito wake ni nyutoni 700 hivi. Kama kulabu 10 zinaugawana sawasawa, kila moja yabeba 70. Matundu mawili yakipasuka, zile 8 zilizobaki zabeba 87.5 kila moja. Kwa sababu hiyo zitapasuka upesi zaidi, na kila moja ipasukayo huongeza mzigo wa zile zilizobaki. Na hiyo ni hesabu ya kiti kilichosimama. Barabara yenye mashimo huzidisha. Kwa hiyo mpira wenye matundu mawili yaliyopasuka haufai kutiwa kiraka. Badilisha wote.

Ikiwa ni mikanda, kila mmoja hukatwa uwe mfupi kuliko nafasi yake kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi, ili uvutike unapofungwa. Mkanda uliolegea ni kama kitanda cha kamba kilicholegea: mtu hukaa shimoni.

HATUA YA NNE: SPONJI

Sponji ya zamani ilitengenezwa kwa utomvu wa mpira. Miaka ikipita, hewa na joto huigeuza, ikawa ngumu kama mkate mkavu na kumwagika unga wa manjano. Ukiibonyeza kwa kidole isirudi, au ikabaki unga mkononi, imekufa.

Sponji ya sasa huwa ya poliyurithini. Chagua ngumu kwa mto wa kukalia na laini kidogo kwa egemeo. Sponji ya godoro laini haifai. Yapendeza siku ya kwanza, lakini baada ya miezi michache dereva atakuwa amekalia chuma. Kata kwa kile kisu cha mkate, ukikipeleka mbele na nyuma bila kukandamiza. Ikate iwe kubwa kuliko kava kwa sentimita 1 hivi pande zote, ili ijaze kava na kuondoa mikunjo. Kisha ibandike mahali pake kwa gundi ya mpira: paka pande zote mbili, ngoja mpaka gundi isishike kidole, ndipo uviunganishe.

Kemia yatuonya mambo mawili hapa. Mvuke wa gundi hushika moto upesi na hulevya kichwa. Basi fanya kazi hii nje penye upepo, mbali na jiko, taa ya mafuta na sigara. Na sponji ya poliyurithini ikishika moto huwaka kwa kasi, ikatoa moshi wenye sumu. Usiichome takataka yake nyuma ya nyumba.

HATUA YA TANO: HESABU NA KUKATA

Chukua vipande vya kava la zamani, uvinyooshe, uvichore juu ya karatasi ngumu. Ngozi ya zamani huwa imevutika katikati na kusinyaa kingoni. Kwa hiyo linganisha kila kipande na jirani yake. Mishono miwili inayokutana lazima iwe na urefu mmoja. Ongeza pembeni milimita 12 za mshono kama hazimo.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa kiti kimoja cha namna ya zamani, ambacho uso wake ni ngozi na pembeni ni reksini. Tuseme vipimo ni hivi:

Uso wa mto: 50 × 50 = sentimita za mraba 2,500.
Uso wa egemeo: 50 × 60 = 3,000.
Ukanda wa kuzunguka mto: 15 × 150 = 2,250.
Ukanda wa kuzunguka egemeo: 12 × 160 = 1,920.
Mgongo wa egemeo: 50 × 60 = 3,000.

Ngozi ni 2,500 na 3,000, jumla 5,500. Kwa viti viwili ni 11,000. Lakini ngozi ya ng'ombe haina umbo la meza. Ina miguu, ina shingo, ina makovu ya miiba na ya kupe. Ongeza theluthi moja kwa kupotea, yaani 3,667. Jumla ni 14,667, karibu mita za mraba 1.5. Ngozi huuzwa kwa futi za mraba, na futi moja ya mraba ni sentimita za mraba 929; basi utahitaji futi 16 hivi.

Reksini ni 2,250 na 1,920 na 3,000, jumla 7,170. Kwa viti viwili 14,340. Reksini yenye upana wa sentimita 137 ikikatwa urefu wa sentimita 105 yatoa eneo hilo. Ongeza theluthi, utapata sentimita 140. Nunua mita 1 na nusu, ukiweka pia kitu cha kushonea ile kamba ya kingo ambayo nitaieleza.

Kabla ya kukata ngozi, itandaze uipapase. Mahali pa mgongo ni pagumu na hapavutiki sana. Pakatie nyuso za mto. Mahali pa tumbo hulegea na kuvutika. Paachie vipande visivyobeba uzito. Panga violezo vyote juu yake kwanza, uvizungushe mpaka vikae vyema, uvichore kwa chaki, uvihesabu mara ya pili, ndipo ushike mkasi. Maji yakimwagika hayazoleki, na ngozi ikikatwa haiungiki.

HATUA YA SITA: KUSHONA

Hapa Uganda, kama katika nchi jirani, twawaona mafundi cherehani wamekaa barazani mwa maduka na mashine zao nyeusi za kukanyaga kwa miguu. Mashine kama hiyo yaweza kushona reksini mikunjo miwili au mitatu. Mahali penye mikunjo minne pamoja na kamba, zungusha gurudumu kwa mkono, pito moja moja. Kama ngozi ni nene, yafaa kupeleka vipande kwa fundi mwenye cherehani ya ngozi, ambayo mguu wake huvuta kitambaa cha juu pamoja na cha chini ili kimoja kisitangulie. Si aibu kuomba msaada wa mshono mmoja.

Kwanza kabisa shona kava la majaribio kwa kitambaa cha merikani, ulivike kiti, uone mahali panapobana na panapolegea, urekebishe violezo. Nasema hivi kwa sababu tundu la sindano katika ngozi halifungi. Nguo ukiishona vibaya utafumua na kushona tena. Ngozi ikifumuliwa hubaki na safu ya matundu kama stampu, nayo hupasuka papo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie pini. Shika vipande kwa vibanio vya nguo au kwa gundi kidogo pembeni.

Tumia sindano ya ngozi namba 16 au 18, na uzi wa nailoni au wa poliyesta. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu na jua. Pito la mshono liwe milimita 3 na nusu mpaka 4. Mapito mafupi mno yanatoboa ngozi mno, na hayo si nguvu bali ni udhaifu.

Viti vingi vya motokaa hizi vina matuta membamba usoni, mfano wa matuta ya viazi. Hushonwa kwa kuweka ngozi juu ya sponji nyembamba iliyobandikwa kitambaa chini, kisha kupitisha mishono sambamba. Tazama kwamba kila tuta hula upana kidogo. Basi shona matuta kwanza, ndipo ukate kipande kwa kiolezo.

Kingoni mwa kiti huzungushwa kamba iliyofunikwa ngozi au reksini. Kata ukanda wa sentimita 4, ukunje juu ya kamba, ushone karibu nayo. Kamba hiyo si pambo tu. Huupa mshono umbo na kuuzuia usisuguliwe na nguo za mwenye kukaa. Unapoipitisha penye kona, kata vijipengo vidogo katika ukingo wake ili ipinde bila kukunjamana, lakini visifike kwenye mshono.

HATUA YA SABA: KUVIKA

Weka makava juani nusu saa. Reksini hulainika na kuvutika. Funika sponji kwa mfuko mwembamba wa plastiki, kwa sababu ngozi na sponji hushikana, na mfuko huzifanya ziteleze. Vuta kava la egemeo kutoka juu, kidogo upande huu, kidogo upande ule, mishono ikae juu ya kingo za kiunzi. Usivute kwa ncha za vidole; vuta kwa kiganja kizima. Yakiwa sawa, anza kufunga klipu katikati mbele, kisha katikati nyuma, kisha katikati ya kila upande, na kona ziwe za mwisho. Aanzaye na kona husukuma mikunjo yote katikati, na huko haina njia ya kutokea.

Ukiona mkunjo, usiupige wala usiuvute kwa hasira. Fungua klipu zilizo karibu, lainisha kwa mikono, funga tena. Mikunjo midogo itaondoka yenyewe kiti kikikaliwa siku chache.

KURUDISHA KITI

Safisha reli, uzipake grisi kidogo. Rudisha kila kibao na kila washa kama daftari lisemavyo. Bolti zenye kutu zisirudi. Nunua mpya zenye nguvu ile ile na kipimo kile kile. Hakikisha mikanda ya usalama haikubanwa chini ya reli. Kisha jaribu, motokaa ikiwa imesimama: sukuma kiti mbele na nyuma, usikie kikifunga mahali pake; kaa, jisukume nyuma kwa nguvu; tikisa egemeo kwa mikono miwili. Kama kitu chacheza, usiendeshe. Toa kiti, utafute sababu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kiti kilichotengenezwa vema hakitangazi kazi yake. Mtu hukikalia tu, akasema kwamba motokaa hii ni nzuri, asijue habari za kulabu wala za kutu iliyosuguliwa. Lakini fundi ajua. Ajua kwamba chini ya ile ngozi, mahali pasipofika jicho la mtu, hakuna alichokificha. Na mwanafunzi awezaye kusema hivyo juu ya kazi yake, iwe ya mikono au ya kitabu, hakushindwa mtihani wowote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kiti cha dereva huharibika mapema kuliko cha abiria? Toa sababu moja.
2. Mtu mwenye kilo 80 amekalia mpira wenye kulabu 16. Kila kulabu yabeba nyutoni ngapi? Zikitoka 4, je?
3. Eleza kwa nini ngozi haifumuliwi na kushonwa tena kama nguo.
4. Uso wa mto ni 48 × 52, na wa egemeo ni 48 × 58. Viti ni viwili. Ukiongeza theluthi, utanunua futi ngapi za mraba za ngozi?
5. Rafiki yako ana haraka, naye ataka kutia kava jipya bila kukisafisha kiunzi. Mwandikie barua fupi ya kumzuia.

Mwanafunzi wa Senior Six